Kozi isiyo na mwalimu: majadiliano ya kuishi kwa njia endelevu ni kitu gani hasa?

Karatasi ile ilibandikwa kwenye ukuta wa duka letu la mtaani, huku Kisauni, Mombasa, kati ya tangazo la chumba cha kupangisha na lile la mganga. Iliandikwa kwa kalamu nene: kozi ya majadiliano kuhusu kuishi kwa njia endelevu, wiki sita, kila Jumamosi baada ya alasiri, hakuna ada. Nilikuwa nimesimama nikingoja chenji, na kwa muda huo mfupi nikasikia karibu maswali yote ambayo watu huyauliza juu ya jambo hili. Kijana wa bodaboda alitaka kujua kama kuna cheti mwishoni. Mama mmoja akauliza nauli ni shilingi ngapi, maana semina alizozoea yeye humalizika kwa kutia sahihi na kupewa bahasha. Mzee aliyeshika kikombe cha kahawa akasema huu ni mradi wa watu fulani, na wenyewe watatokea siku ya kupiga picha tu. Mwenye duka, aliyeruhusu karatasi ibandikwe, akauliza lililo zito kuliko yote: "Hiyo endelevu yenyewe ni kitu gani?"

Niliingia kwenye kozi ile, na baadaye nikasaidia kuanzisha nyingine mtaa wa pili. Maswali bado ni yale yale kila tunapobandika karatasi mpya, nami naona yana haki ya kujibiwa kwa utaratibu. Nitaanza na la mwenye duka.

Mtaji na faida

Neno endelevu limetokana na kitenzi kuendelea. Kitu endelevu ni kile kinachoweza kuendelea kufanyika bila kujimaliza chenyewe. Mama mboga anayekwenda soko la Kongowea alfajiri kununua nyanya anaijua maana hii vizuri sana. Ana mtaji, ana faida. Faida ndiyo inayonunua unga na kulipa karo. Siku akiugusa mtaji, kesho yake anarudi sokoni na kununua nusu kikapu, kesho kutwa robo, na wiki ikiisha kibanda kimefungwa.

Uchukue mfano huo uupeleke baharini. Samaki wazazi ndio mtaji, na wanaozaliwa kila msimu ndio faida. Mvuvi mwenye wavu wa matundu makubwa huwaacha wachanga wapite, na mwakani atavua tena. Anayekokota juya, wavu wa matundu madogo, huzoa hadi vitoto vya samaki na kung'oa nyasi wanamojificha. Huyo anakula mtaji. Visima vyetu navyo ni hivyo hivyo. Vimechimbwa kwenye mwamba wa matumbawe, ambamo maji matamu ya mvua hukaa juu ya maji ya chumvi yaliyoingia kutoka baharini. Ukivuta kuliko mvua inavyorudisha, chumvi hupanda. Wazee wakikwambia kisima fulani zamani kilikuwa na maji ya kunywa na leo ni cha kufulia tu, wanakusimulia habari ya mtaji ulioliwa.

Mwaka 1987 tume ya Umoja wa Mataifa iliyoongozwa na Gro Harlem Brundtland wa Norway ilitoa maelezo ambayo bado yanatumika duniani kote: maendeleo endelevu ni yale yanayotimiza mahitaji ya walio hai leo bila kuwanyima watakaokuja baadaye uwezo wa kutimiza ya kwao. Mama mboga angesema: kula faida, mtaji usiuguse.

Hiyo ndiyo endelevu. Haihusu miti peke yake, wala haihusu wanyama wa mbugani. Inahusu kila kitu tunachokitumia huku tukitaka kesho tukikute: maji, samaki, makaa, udongo, hewa, hata nafasi ya kutupa taka.

Neno "kozi" ndilo linalopotosha

Tukisikia kozi tunafikiria ubao, mwalimu, mtihani na cheti. Kozi ya majadiliano haina hata kimoja kati ya hivyo. Ni watu wanane hadi kumi na wawili, aghalabu majirani, wanaokubaliana kukutana mara moja kwa wiki kwa wiki sita au nane. Kila kikao kina mada yake inayojulikana mapema: maji, chakula, taka, moto wa kupikia, usafiri, manunuzi. Kabla ya kukutana, kila mtu anasoma kurasa chache, au mnasikiliza kipindi kifupi kwa pamoja, au mnamwalika mzee asimulie mtaa ulivyokuwa. Kisha mnazungumza. Mwishoni kila mmoja anataja jambo moja atakalolijaribu nyumbani wiki hiyo, na kikao kinachofuata huanza kwa kuulizana: ulijaribu? Ikawaje?

Yupo mtu anayeitwa mwezeshaji. Yeye hafundishi. Anachunga saa, anauliza maswali, na anahakikisha hakuna aliyemeza maneno yake kwa sababu mwenzake ana sauti kubwa. Wiki inayofuata kazi hiyo anaipokea mwingine. Kwetu tulitumia kifuu cha nazi: aliyekishika ndiye anayesema, wengine wanasikiliza, na hakuna anayekishika mara ya pili kabla hakijazunguka duara lote. Nilidhani watu wazima watakiona kifuu hicho kama mchezo wa watoto. Kufikia kikao cha pili kifuu kilikuwa kimekwisha kumfungua mdomo shangazi mmoja ambaye, kwa kauli yake, hajawahi kuulizwa maoni yake mbele ya wanaume tangu aolewe.

Watu huchanganya duara hili na mambo matatu. Semina ina mtaalamu mbele na wasikilizaji nyuma. Elimu inatoka upande mmoja tu. Baraza la chifu ni mahali pa kupokea matangazo na kutoa malalamiko. Baraza ya kahawa, ile ya vijiweni na Mji wa Kale, ndiyo inayokaribia zaidi, kwa sababu pale kila mtu ana la kusema na hakuna mkubwa wa mazungumzo. Ila baraza ya kahawa huanza na siasa, ikapita kwenye mpira, ikaishia kwa nani amefariki, na watu wakaondoka bila kuamua lolote. Kozi ya majadiliano ni baraza ya kahawa iliyoongezewa mada, zamu na uamuzi. Kwa maelezo hayo, hata mzee wa pale dukani alinielewa.

Jumamosi ya ndoo

Ni vigumu kuelewa jambo hili bila kuona kikao kimoja kwa karibu, basi nitaeleza kile cha taka.

Tuliambiana kila mtu aje na taka za siku moja za nyumbani kwake, ndani ya ndoo, bila kuchagua wala kuficha. Gunia likatandikwa uani chini ya mwembe, na ndoo zikamwagwa moja moja, kila moja na rundo lake. Kulikuwa na aibu kidogo mwanzoni. Taka za mtu ni siri yake: zinaonyesha alichokula na alichokosa. Ndoo ya mama mwenye watoto watano ilikuwa karibu yote maganda ya ndizi na viazi, machicha ya nazi, majani ya chai, mabaki ya ugali, na nepi mbili zilizofungwa kwenye gazeti. Ya kijana anayeishi peke yake ilikuwa nyepesi, na ndani yake hakukuwa na hata ganda moja: chupa za soda, karatasi za chipsi zenye mafuta, pakiti za sabuni, kijiko cha plastiki. Ya mwalimu mstaafu ilikuwa na dawa zilizopitwa na muda, na hapo tukasimama kwanza, kwa sababu hakuna aliyejua dawa hutupwa wapi.

Mwezeshaji wa siku hiyo, ambaye kazi yake ni ushonaji, akauliza swali moja tu: kila rundo hapa, likitoka getini, linakwenda wapi? Kimya. Sote tunamlipa kijana wa mkokoteni kila wiki, na kwetu taka ziliishia pale anapokunja kona. Mmoja akatumwa kumwita. Kijana akaja, akasimama pembeni ya gunia, akasema bila kuficha kwamba jaa la Mwakirunge ni mbali mno kwa mkokoteni, na kwamba anamwaga pale pale wanapomwaga wenzake wote, kwenye kiwanja kilicho wazi karibu na maji. Zamani mji ulimwaga Kibarani, kando ya njia ya Makupa, hadi jaa lile likafungwa na mahali pakapandwa miti. Taka hazikupungua kwa kufungwa huko. Zilibadilisha njia.

Halafu tukatenganisha. Vyote vinavyooza upande mmoja, visivyooza upande mwingine. Rundo la vinavyooza lilikuwa kubwa zaidi kwa mbali, na sisi si wa ajabu: katika miji ya Kenya zaidi ya nusu ya taka za majumbani ni mabaki ya chakula na vitu vingine vinavyooza. Hapo ndipo mazungumzo yalipokolea. Takataka inayooza ikifukiwa chini ya rundo bila hewa hutoa gesi ya methani, ambayo kwa kipindi cha miaka 100 hunasa joto zaidi ya mara 25 kuliko kiasi hicho hicho cha hewa ya ukaa. Ganda lile lile likioza penye hewa, likichanganywa na majani makavu, huwa mboji. Kwa joto la pwani miezi miwili mitatu inatosha. Aidha, Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 inataka taka zitenganishwe nyumbani, zinazooza na zisizooza, kabla hazijabebwa. Kati yetu kumi na mmoja, aliyekuwa na habari ya sheria hiyo ni mmoja.

Tukaamua pipa moja la pamoja kwa nyumba nne zinazopakana. Wiki ya kwanza lilinuka vibaya, inzi wakajaa, na mpangaji mmoja akatishia kulimwaga. Kikao kilichofuata tukagundua kosa: tulitia vichwa vya samaki, na hatukufunika. Samaki wakaondolewa, kila tabaka la maganda likafunikwa kwa majani ya mwembe na maranda kutoka kwa fundi wa milango, unyevu ukapimwa kwa kuifinya konzi moja mkononi: ishikane, isidondoshe maji. Harufu ikakata. Hayo hatukufundishwa na mtu. Tuliyapata kwa kukosea mbele ya macho ya majirani na kurekebisha pamoja. Nadhani ndiyo sababu pipa lile bado lipo.

Kilichokosekana si elimu

Watu wengi, hata wenye nia njema kabisa, hudhani tatizo la mazingira ni ujinga. Basi wanaleta mabango, wanaleta vipaza sauti, wanatuambia tusitupe taka mtaroni. Nani asiyejua kwamba taka haitakiwi kutupwa mtaroni?

Fikiria mtaro unaopita mbele ya nyumba ishirini. Mvua ya masika inakuja, na mwezi wa Mei Mombasa hupata mvua nyingi kuliko mwezi mwingine wowote. Mwenye nyumba ya saba anajua madhara yote. Lakini anajua pia kwamba yeye akijizuia na kumi na tisa wasijizuie, mtaro utaziba vile vile na maji yataingia sebuleni kwake kama yatakavyoingia kwa wengine. Kujizuia kwake kunamgharimu pesa za mkokoteni na hakumwokoi. Mtu huyu si mjinga. Yuko peke yake.

Bango haliwezi kumtoa kwenye upweke huo. Anachohitaji ni kusikia kwa masikio yake mwenyewe wa nyumba ya sita na wa nyumba ya nane wakisema watafanya, kisha wiki ijayo aone kama wamefanya. Kazi kubwa ya kozi ya majadiliano iko hapo, kuliko kwenye kurasa za kusoma: inageuza jambo ambalo kila mtu analijua kimoyomoyo likawa jambo tunalojua kwamba sote tunalijua, na ambalo tumeahidiana. Kidole kimoja hakivunji chawa, lakini vidole viwili navyo havikutani vyenyewe; lazima kuwe na siku na mahali.

Mfano mzuri kuliko wote uko Kilifi, mwendo mfupi tu kutoka hapa. Wavuvi wa Kuruwitu waliona samaki wakipungua mwaka hadi mwaka. Mwaka 2005, baada ya mazungumzo marefu baina yao wenyewe, walikubaliana kutenga eneo la bahari la takriban hekta 30 ambamo hakuna atakayevua. Wanaliita tengefu. Samaki walirudi, wakakua, na wakaanza kuvuka mpaka na kuingia kwenye maeneo ya uvuvi. Mvuvi mmoja mmoja asingeweza kufanya hivyo hata angesoma vitabu vyote vya bahari, kwa sababu samaki aliowaacha yeye wangechukuliwa na mwenzake jioni ile ile.

Je, ni jambo la wazungu?

Mzee wa kahawa hakukosea kabisa. Upo mkondo mmoja uliotoka ng'ambo. Mwaka 1902, mjini Lund nchini Sweden, Oscar Olsson alianzisha vikundi vya kujisomea ambamo wafanyakazi wa kawaida walikutana, wakasoma na kujadiliana bila profesa. Wasweden wengi hadi leo hujiunga na vikundi vya namna hiyo. Huko Marekani, mwaka 1993, Northwest Earth Institute ilianza jijini Portland na kuandaa kozi za majadiliano kuhusu maisha endelevu, watu wachache wakikutana kazini au majumbani wakati wa mapumziko. Umbo la kozi ninayoieleza, wiki kadhaa, kurasa chache, uwezeshaji wa zamu, linafanana sana na hilo.

Lakini upo mkondo wa pili, na huu ni wetu. Waliokuwa watu wazima Tanzania mwaka 1973 wanakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya. Kwa wiki 12 watu wapatao milioni mbili walikusanyika kwenye vikundi vidogo, wakasikiliza redio, wakasoma kijitabu, wakajadili malaria, kichocho na kuhara, kisha wakatoka kwenda kufyeka nyasi, kufukia madimbwi na kuchimba vyoo. Kusikiliza, kujadili, kutenda: hatua zile zile. Wakulima nao wana shamba darasa, mtindo ulioanzia kwenye mashamba ya mpunga ya Indonesia mwaka 1989 na kufika Kenya miaka ya tisini, ambapo kikundi hukutana shambani msimu mzima na kuchunguza mmea kwa macho yao badala ya kuhubiriwa. Wangari Maathai, aliyeanzisha Green Belt Movement mwaka 1977, hakuishia kugawa miche. Aliwakusanya watu wakataja matatizo yao, wakatafuta chanzo cha kila moja, na mara nyingi wakakuta mkono wao wenyewe uko ndani.

Na kabla ya hayo yote kulikuwa na kaya. Misitu mitakatifu ya Wamijikenda, ambayo UNESCO iliiweka kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2008, haikusimama karne zote hizo kwa sababu ya ukuta au askari. Ilisimama kwa sababu wazee walikaa, wakazungumza, wakakubaliana mti upi haukatwi na njia ipi haipitwi, na wanakijiji wote wakajua kwamba wote wanajua. Mtu akiniambia majadiliano ya namna hii ni ya kigeni, humuuliza anadhani Kaya Kinondo imebakije.

Yanayosemwa mitaani

Linalosemwa zaidi ni kwamba kuishi kwa njia endelevu ni kurudi kwenye ufukara: kuzima taa, kuacha nyama, kutembea kwa miguu. Naelewa hofu hiyo inatoka wapi. Asiye na kitu akiambiwa apunguze, anatukanwa. Lakini angalia kilichotokea kwenye kikao chetu cha moto wa kupikia. Mwanaduara mmoja huuza mbaazi na mahamri asubuhi, na makaa yanamla faida. Tukajaribu: mbaazi zililowekwa usiku kucha, zikachemshwa kwa nguvu dakika 20, sufuria ikafunikwa vizuri, ikafungwa kanga kuukuu na kuzamishwa kwenye kikapu kilichoshindiliwa vitambaa. Baada ya muda wa saa nne hivi tukafunua, na mvuke ukatoka. Mbaazi zimeiva, zimebaki kutiwa tui. Makaa yaliyotumika ni ya kuchemshia tu. (Ukijaribu kwa maharagwe mekundu, yaache yachemke sana si chini ya dakika 10 kabla ya kuyatia kikapuni, maana yana sumu inayoondolewa na moto mkali.) Dada yule hakurudi kwenye ufukara. Alibaki na pesa mfukoni.

Wengine husema: sisi tunachafua nini? Na wana haki. Sehemu ya Kenya katika gesi zote zinazopasha dunia joto haifiki asilimia moja, na si uadilifu kumbebesha mama wa Kisauni deni la viwanda vya Ulaya na Marekani. Kwa hiyo kozi inayoanza kwa kumwambia mtu wa hapa kwamba anaiharibu dunia imeanza vibaya. Sababu yetu iko karibu zaidi: choo cha shimo kilicho hatua chache kutoka kisimani, kwenye mwamba wa matumbawe unaopitisha maji kama chujio lililotoboka, mtaro ulioziba, mkoko uliokatwa uliokuwa ukizuia mawimbi. Tunajadili maisha endelevu kwa sababu tunaishi hapa.

Kuna pia wanaodhani kikundi kikishachambua taka kimemaliza, na serikali na makampuni waachwe. Hapana. Marufuku ya mifuko ya plastiki ya tarehe 28 Agosti 2017 ilibadilisha masoko yetu kuliko kikao chochote kingeweza, na hiyo ni kazi ya sheria. Kifungu cha 42 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya. Kikundi kilichokaa wiki sita kikielewana huenda kwenye mkutano wa ushirikishwaji wa umma kikiwa na ombi moja lililo wazi, kwa mfano mahali halali pa mikokoteni kumwaga taka, badala ya watu ishirini kila mmoja na kilio chake.

Cheti? Hakipo. Nauli? Haipo pia, na kuhusu hili sina budi kusema wazi: bahasha ikiingia, duara linakufa. Watu wataijia, na siku itakapokoma nao watakoma. Afadhali kila mtu alete alichonacho. Kwetu ililetwa kaimati wiki moja, madafu nyingine.

Mahali kozi hizi zinapokwama

Sitaki mtu aingie akitarajia muujiza. Wengi wetu ni wapangaji, na katika nyumba za Kiswahili zenye vyumba sita na ukumbi mmoja, mwenye nyumba ndiye anayeamua kuhusu shimo la choo, tangi na bomba. Mnaweza kukubaliana vizuri sana juu ya jambo ambalo hamna ufunguo wake. Kikundi cha pili nilichokisaidia kilikaa vikao vitatu juu ya maji bila kumwalika mwenye nyumba hata mmoja, na uamuzi wote ukabaki kwenye daftari. Lilikuwa kosa letu la kupanga, nami nilikuwepo.

Saa nazo ni tatizo. Jumamosi alasiri inamfaa mwalimu mstaafu, haimfai anayefanya kazi ya zamu bandarini wala mama ambaye muda huo ndio anawasha jiko la viazi karai. Wanaokosekana ndio wenye habari tunazozihitaji zaidi. Tulipohamisha kikao hadi baada ya Isha, nyuso zikabadilika, na kijana wa mkokoteni akawa mwanaduara kamili. Wiki mbili baadaye zamu ya kuwezesha ikamfikia.

Nao wasemaji wapo, kifuu au bila kifuu. Yuko atakayegeuza kila mada kuwa hotuba ya siasa. Dawa tuliyoiona ikifaa ni kuwagawa watu wawili wawili kwa dakika chache, kisha kila mmoja aeleze aliyoyasikia kwa mwenzake badala ya yake mwenyewe. Huwezi kuhutubu ukiwa umebeba maneno ya mwingine.

Wanaotaka kuanzisha kikundi huniuliza kikao cha kwanza kianze na mada gani. Nawaambia waiache dunia kwanza. Waulizane maji waliyoogea asubuhi yamekwenda wapi, kisha wainuke wakayafuate. Sisi tulifanya hivyo siku ya kupwa. Tulianzia kwenye bomba nyuma ya bafu, tukafuata mtaro hadi kalvati, tukapita nyuma ya karakana, tukashuka mpaka kwenye hori ya Tudor, mkono wa bahari. Matope yalikuwa wazi, mizizi ya mchu, aina ya mkoko, imechomoza kama penseli zilizopangwa, na kila mzizi umenasa kitu: ukanda wa kandambili, pakiti ya maziwa, utepe wa mkeka. Mama aliyeuliza nauli pale dukani, ambaye hatimaye alikuja, aliinama akavuta kifuniko cha ndoo cha buluu. Akakigeuza. Upande wa ndani kulikuwa na alama ya rangi nyekundu, ile anayoweka kwenye vyombo vyake vyote visipotee uani.

"Hiki changu," akasema. "Kilichukuliwa na maji masika."

Akakisuuza kwenye maji ya chumvi, akakishika kwapani, na njia nzima ya kurudi akawa anahesabu kwa sauti milango iliyo kati ya nyumba yake na hori.